Wiki yangu ya Florida: nimpangishe nani, na kwa bei gani?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi msaidizi, naishi Lowell, Massachusetts. Mwaka juzi tulikwenda Orlando na watoto, tukapewa tiketi za Disney kwa bei ya chini kwa sharti kwamba tukasikilize maelezo ya dakika 90. Tuliingia asubuhi, tukatoka alasiri tukiwa tumenunua taimushea: wiki moja ya kila mwaka kwenye nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Kissimmee. Haina tarehe maalumu, kila mwaka tunachagua. Bei dola 12,900, na bado tunalipa mkopo. Ada ya matengenezo ya mwaka ujao imeshakuja, dola 1,180.

Sasa mume wangu amebadilisha kazi na mwakani hana likizo, kwa hiyo nimeamua kuipangisha wiki hiyo. Nimeitangaza kwenye grupu letu la WhatsApp: "wiki Orlando, dola 2,400, inbox." Watu wameweka vidole gumba, hakuna aliyeuliza hata swali moja. Wiki iliyopita kampuni fulani ilinipigia, wakasema wana mpangaji tayari, shirika kubwa, yuko radhi kulipa dola 3,100, ila kwanza nitume dola 795 za usajili. Na shemeji yangu wa Dallas anauliza kwa nini tusimwachie yeye na familia yake, maana wiki yenyewe imeshalipiwa. Hii ni mara yangu ya kwanza, sijui pa kuanzia. Naomba uniongoze.

Mama Watoto, Lowell

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na hizo dola 795, maana mengine yote yanaweza kungoja. Usitume. Wakipiga tena usibishane nao, kata simu. Dalali aliye na mpangaji mkononi anakata chake kwenye fedha za mpangaji, hahitaji kuanza na zako. Utajiuliza walijuaje kwamba una wiki Kissimmee. Hati za umiliki Florida husajiliwa kwenye kaunti, na mtu yeyote mwenye simu na muda wa bure anaweza kuzisoma. Jina lako liko pale. Wanalisoma, wanatafuta namba, kisha wanakuja na habari unayotamani kuisikia.

Na usidhani ni vijana wawili wenye laptopu tu. Aprili 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo kwa watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG, na biashara yenyewe ilikuwa hii hii: kuwapigia simu wenye taimushea, kuwaahidi mnunuzi au mpangaji, kisha kudai ada na kodi za mwanzo. Anayetuma 795 hupigiwa tena wiki inayofuata, safari hii ni kodi ya Mexico ya dola 1,400, halafu anakuja "wakili" wa kumrudishia fedha zake naye anataka chake. Ukitaka kuwashtaki, FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, wanapokea malalamiko kwenye ReportFraud.ftc.gov. Haichukui muda.

Tuje kwenye wiki yenyewe. Nimekaa nyuma ya kaunta za mapokezi tangu Diani, na Kissimmee ndiko nilikostaafia, kwa hiyo nitakwambia mambo yanavyoonekana kutoka upande ule wa kaunta.

Piga simu risoti uulize mambo mawili. La kwanza, je, mkataba wako unaruhusu kupangisha? Nyingi zinamruhusu mwenye wiki kumpangisha mtu mmoja mmoja, zinachokataza ni kuifanya biashara ya wiki nyingi. Lakini usichukue neno langu, mkataba ni wako. La pili, wanaruhusu kubuki lini? Kwa wiki zisizo na tarehe kama yako, mara nyingi ni mwaka mzima kabla, na hawakubukii mpaka ada iwe imelipwa. Ukingoja mpaka upate mpangaji ndipo ubuki, utapewa mabaki: wiki ya pili ya Septemba, shule zimefunguliwa, mvua kila alasiri, na redio inataja kimbunga. Wiki hiyo hata grupu zima la WhatsApp halitakuchukulia kwa bei ya ada.

Hapa ndipo wengi wanaopangisha kwa mara ya kwanza wanapokosea: wanabuki wiki ambayo wao wenyewe wangeipenda, au yoyote iliyobaki, kisha wanaanza kumtafuta mtu wa kuijaza. Fanya kinyume chake. Mfikirie mpangaji kwanza. Nani yuko kwenye grupu lenu? Wazazi wa Lowell, Worcester, Lynn, wenye watoto shuleni. Shule za Massachusetts zina likizo ya wiki moja Februari, inayoangukia Presidents' Day, na nyingine Aprili inayoangukia Patriots' Day. Wiki hizo watoto wako nyumbani, nje bado baridi, na kila mama anatafuta pa kuwapeleka. Kwa hiyo ukiweza kupata Jumamosi ya tarehe 18 Aprili hadi Jumamosi ya 25 Aprili 2026, una kitu ambacho jirani yako anakihitaji. Krismasi na mwaka mpya, zile wiki ambazo kwenye kalenda ya taimushea ni namba 51 na 52, ndizo zinazopanda bei kuliko zote, ila huzipati bila kupiga simu siku ya kwanza kabisa wanayofungua, tena asubuhi. Shemeji yako wa Dallas watoto wake wana likizo Machi. Juni na Julai kuna watu wa kila jimbo, na wenye wiki za kupangisha nao ni wengi vilevile.

Weka kengele kwenye simu kwa siku hiyo. Kama uko zamu, mume apige.

Sasa bei. Zile dola 12,900, zisahau kwenye hesabu hii. Ndani ya bei ile kuna tiketi zenu za Disney, kifungua kinywa, chumba cha maonyesho, na posho ya yule kijana aliyekuwa mcheshi sana. Mpangaji hajali ulinunua kwa ngapi. Kwenye eBay utakuta wiki za Kissimmee zinauzwa dola moja na bado hazina mnunuzi, kwa sababu anayenunua anachukua na ada ya kila mwaka. Mtu wa kukulipa 2,400 yupo kwa wiki ya Krismasi kwenye risoti yenye jina. Kwa wiki ya kawaida ya Kissimmee, vidole gumba ndivyo utakavyopata.

Fanya hivi: fungua tovuti ya risoti yenyewe, weka tarehe zako, vyumba viwili, utazame wao wanauza kwa bei gani pamoja na kodi na vile viada vinavyochomoza mwishoni. Kisha nenda RedWeek, ambako wenye wiki hutangaza wenyewe, utafute risoti yako na wiki ile ile. Zile bei za juu kabisa ambazo tangazo limekaa miezi mingi usizitazame, zipo kwa sababu hakuna aliyezichukua. Bei yako iwe chini ya ile ya risoti kwa kiasi cha mtu kuona tofauti, kwa sababu kwako hapati kila kitu: hawezi kughairi siku tatu kabla kama hotelini, na hakuna wa kumtandikia kitanda kila asubuhi.

Tuseme umepata mtu wa dola 1,250 kwa ile wiki ya Aprili. Hati ya mgeni, ile barua inayomruhusu mtu mwingine aingie kwa jina lako, risoti nyingi huitoza. Tangazo nalo lina gharama. Tuseme vyote viwili dola 130. Umebaki na 1,120, na ada ilikuwa 1,180. Umepungukiwa na dola 60, na mkopo haujaguswa. Sikutishi. Nakwambia ili ujue kwamba lengo lako ni kuizima ada, au karibu yake, na kama mwaka fulani utaizidi kidogo, mshukuru Mungu. Yule aliyekwambia pale kwenye kifungua kinywa kwamba "itajilipa yenyewe", mimi nilimsikia akiwaambia watu hivyo kila asubuhi kupitia ukuta wa mbao.

Kuna njia moja ya kuongeza. Angalia kama nyumba yako ni ile yenye mlango wa katikati unaofungwa: upande mmoja sebule, jiko kamili na chumba, upande wa pili chumba chenye mlango wake wa nje, friji ndogo na maikrowevu. Zipo nyingi Kissimmee. Kama ndiyo, unaweza kupangisha pande mbili kwa watu wawili, au mwaka mtakaoweza kwenda mkalala upande mkubwa na kupangisha ule mdogo. Wengine hutoza ada ya kutenganisha. Kazi ni mara mbili, wapangaji wawili, mikataba miwili. Kwa mara ya kwanza mimi nisingekushauri.

Kodi ya serikali. Florida inatoza kodi kwa anayepangisha malazi kwa muda wa miezi sita au chini yake, na wiki yako imo. Kissimmee iko kaunti ya Osceola: kodi ya mauzo asilimia 7.5 na kodi ya utalii ya kaunti asilimia 6, jumla 13.5. Kwa pango la 1,250 ni dola 168.75, na mpangaji ndiye anayeilipa, juu ya pango, kwa hiyo itaje tangu mwanzo isije ikaonekana umeichomeka. Ukitangaza kupitia Airbnb au Vrbo, waulize kwa maandishi ni kodi zipi wanazokata wenyewe na zipi ni juu yako. Ukipangisha mkono kwa mkono, kuandikishwa na kuzipeleka ni kazi yako. Na mapato yenyewe mtajie anayekutengenezea ritani. Utamsikia mtu kanisani akisema kuna kanuni ya siku 14, kwamba ukipangisha chini ya hapo IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, hawahusiki. Kwa taimushea jambo hilo lina mikunjo yake, mwachie mwenye leseni alitazame.

Tangazo lako la kwanza umeniambia lilisema "wiki Orlando, dola 2,400, inbox." Ndiyo maana hukuulizwa. Andika mtu aione likizo yake:

"Kissimmee, Florida, likizo ya shule ya Aprili. Kuingia Jumamosi 18 Aprili saa kumi jioni, kutoka Jumamosi 25 Aprili saa nne asubuhi. Vyumba viwili, bafu mbili, jiko kamili lenye sufuria na sahani, mashine ya kufua ndani. Wanalala watu 8, wawili kati yao kwenye sofa. Bwawa mbili. Lango la Disney ni mwendo mfupi kwa gari. Bila gari hamtafika kokote. Dola 1,250 pamoja na kodi ya Florida dola 168.75. Nafasi imeshabukiwa, nitakuonyesha uthibitisho. Mimi ndiye mwenye wiki."

Hayo ya saa uyahakikishe na risoti yako. Na hilo la gari usilifiche. Nimewaona watu waliotoka uwanja wa ndege kwa teksi wakidhani watatembea kwa miguu hadi kwa Mickey, kwenye barabara ya 192, jua la saa nane, na kigari cha mtoto.

Fedha. Hapa uwe macho pande zote mbili, kwa sababu mpangaji naye anakuogopa wewe. Atakuja mmoja mwenye Kiingereza kizuri mno, hataki picha, haulizi jiko lina nini, anasema bosi wake atakutumia hundi ya benki. Hundi inakuja, ya dola 3,250 badala ya 1,250. Anaomba radhi, mhasibu amekosea, tafadhali irudishe ile 2,000 kwa Zelle, ile njia ya kutumiana fedha benki kwa benki. Unaiweka benki, siku mbili baadaye unaona fedha ziko kwenye akaunti, unafurahi, unamrudishia. Wiki ya tatu benki inakwambia hundi ilikuwa feki. Benki za Marekani zinalazimika kukufungulia fedha za hundi haraka, lakini kuonekana kwenye akaunti si kuthibitishwa, na ile 2,000 uliyotuma inatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo usipokee hundi inayozidi, hata ya dola tano.

Kwa mtu usiyemfahamu, pitia jukwaa linaloshika fedha. Airbnb kwa mfano hukutumia chako takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia. Wanakata, lakini wote wawili mnalala. Kwa mtu wa grupu unayemjua na anayemjua mama yako, chukua arbuni, tuseme theluthi, mkiandikiana, na iliyobaki iingie siku 60 kabla ya safari. Ikishakamilika ndipo unapiga simu risoti na kuweka jina lake.

Kuandikiana ni ukurasa mmoja: majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, tarehe, namba ya uthibitisho, idadi ya watu, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, nani atalipa wakivunja kitu, na nini kitatokea akighairi au kimbunga kikija. Risoti itashika kiasi fulani kwenye kadi ya mgeni anapoingia, lakini akiharibu zaidi ya hapo watakutafuta wewe, kwa kuwa wiki ni yako. Msimu wa vimbunga Florida ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, Aprili uko salama. Lakini kama siku moja utapangisha Septemba au Oktoba, kumbuka Ian ya 2022 na Milton ya 2024: Disney walifunga, uwanja wa ndege wa Orlando ukafunga, na kila mpangaji alitaka fedha zake. Andika wazi kwamba bima ya safari ni juu yake, naye aweke sahihi chini yake.

Sasa jambo moja nikuombe kama mtu niliyekuwa upande ule wa kaunta. Weka jina la mpangaji, kisha uhakikishe limewekwa. Ijumaa au Jumamosi usiku, saa nne, inaingia familia. Baba amebeba masanduku, mama amembeba mdogo aliyelala mdomo wazi begani, mkubwa ana masikio ya Mickey yaliyopinda. Wanatoa karatasi waliyotumiwa kwa WhatsApp. Natazama kompyuta: jina lililoko ni la mwenye wiki, hakuna hati ya mgeni. Siruhusiwi kutoa funguo. Tunampigia mwenye wiki, simu imezimwa, kwa sababu yuko zamu ya usiku hospitalini, kama wewe. Ofisi ya wenye wiki imefungwa mpaka Jumatatu. Baba yule anaanza kunipandishia mimi sauti, na ana haki ya kukasirika ila mtu wake siye mimi. Wanaishia kulipa moteli upande wa pili wa barabara, na asubuhi mwenye wiki anaamka na ujumbe 41 na ombi la kurudishiwa fedha zote.

Kwa hiyo: wiki mbili kabla, piga simu, mwambie aliye mapokezi akusomee jina la mgeni herufi kwa herufi. Majina yetu wanayakosea. Muulize umri wa chini wa kuingia, sehemu nyingine ni 21. Mwambie mpangaji awe na kitambulisho chenye jina lile lile na kadi ya mkopo iliyo na nafasi. Wengi wanakuja na kadi ya kawaida ya benki (debit) na kubanwa pale.

Na umwambie hili pia. Akishapewa funguo ataelekezwa meza ya pili, eti akachukue kibandiko cha kuegesha gari. Pale kuna mtu mzuri, ana kadi ya zawadi ya dola 100 na kifungua kinywa. Hana deni la kukaa, aseme "asante, hapana" na aende bwawani. Na kama yeyote anayesoma hapa ameshatia sahihi Florida wiki hii, sheria inampa siku 10 za kughairi kwa maandishi tangu atie sahihi au apokee hati ya mwisho, ipi iliyo ya baadaye. Wewe mwanangu zako zilipita, ndiyo maana tunaongea habari ya kupangisha.

Shemeji. Wiki "imeshalipiwa" na nani? Dola 1,180 zimetoka kwenye zamu zako. Mwambie hivi, mume wako akiwepo: "Shemeji, wiki ipo, ada ni 1,180, mkituchangia hiyo tu tunawawekea jina, hatuhitaji faida kwenu." Watu wengi wakisikia tarakimu hukumbuka wana safari nyingine. Akikubali, umepata mpangaji bora kuliko wa RedWeek. Mkitaka kuwapa bure, wapeni kwa moyo mweupe, iwe zawadi ya mwaka huu mmoja na mseme hivyo, maana wiki hii inarudi kila mwaka na shemeji naye atarudi. Usifanye lile la katikati, kwamba aende kwanza "tutaelewana." Hamtaelewana.

SWALI

Niko Maskati, Mama. Nimepata tangazo la mtu anayepangisha wiki yake Orlando kwa dola 900, vyumba viwili, mwezi wa Agosti. Anataka nilipe zote leo kwa Western Union. Nitajuaje kama ni mwenyewe kweli?

Baba wa Watatu, Maskati

JIBU

Kwa Western Union hutajua, utakapojua zitakuwa zimeshachukuliwa. Mwombe namba ya uthibitisho wa nafasi. Kisha tafuta wewe mwenyewe namba ya simu ya risoti, si ile aliyokupa yeye, upige na kuuliza kama nafasi hiyo ipo na kama wanaweza kumwekea mgeni jina. Huenda wasikutajie mwenye wiki ni nani, ni siri ya mteja, lakini mwenye wiki wa kweli atakubali mpige simu ya watu watatu: wewe, yeye na mapokezi. Tapeli siku hiyo atakuwa na msiba. Lipa kwa njia unayoweza kuidai, kadi au PayPal ya malipo ya bidhaa. Akikwambia utume ile ya marafiki na jamaa ili kukwepa makato, hapo huna kinga.

Na kabla ya hayo yote, viza. Pasipoti ya Oman inahitaji viza ya Marekani, na familia ya watu watano mtasubiri miadi ya ubalozi. Usilipe hata arbuni ya wiki ya Agosti mpaka pasipoti zote zimegongwa. Mwenye wiki hatakurudishia kwa sababu ubalozi umechelewa, na mimi ningekuwa yeye nisingekurudishia.

SWALI

Mama, mimi wiki yangu niliiweka RCI, ile kampuni ya kubadilishana wiki za taimushea, nikabadilishana, nimepata nyingine Uhispania. Siendi tena. Naweza kuipangisha hii ya Uhispania kama ulivyosema juzi kwa ile ya kwangu?

Msomaji, Minneapolis

JIBU

Hapana. Uliyobadilishana si yako ya kupangisha. RCI wanakataza, na wenzao Interval vilevile. Unaweza kumpa ndugu au rafiki kwa hati ya mgeni unayoilipia, lakini ukiitangaza kwa fedha na wakakuona, wanaweza kuifuta nafasi na kukusimamishia uanachama, na mpangaji wako atakuwa amesimama kaunta huko Uhispania na mkoba wake. Kama lengo lilikuwa kupangisha, mwakani usiiweke wiki yako RCI hata kidogo: ukishaiweka imeshatoka mkononi. Kwa hii ya sasa, piga simu leo uulize masharti yao ya kughairi, maana kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo wanavyokurudishia kidogo.